Aliomba stakabadhi, nikamtumia kitambulisho

Swali: "Mwalimu, habari za siku? Mimi nauza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kibuye, hapa Kisumu. Mzigo wangu hutoka Mwanza, unavukia Sirari. Majuzi nilimwekea mwenye mzigo pesa benki, za magunia 12. Kesho yake akaniandikia: 'Mama, naomba stakabadhi.' Basi nikapiga picha kitambulisho changu, leseni ya kaunti na cheti cha PIN ya kodi, nikamtumia vyote. Akanipigia simu akicheka hadi akakohoa. Kumbe alitaka tu ile karatasi ya benki ya kuonyesha nimelipa! Mimi tangu utotoni najua stakabadhi ni makaratasi yote ya serikali, na redio husema hivyo hivyo. Kati yangu na yeye nani hajui Kiswahili? Na hili neno lilitoka wapi?"

Jibu: Mama, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea mke wangu, mzaliwa wa Mumias, akaacha kuchambua mboga akaniuliza: "Sasa stakabadhi si makaratasi?" Kwa hiyo usijione peke yako. Ukisimama stendi ya Kisumu uwaulize watu kumi, nadhani tisa watajibu kama wewe. Ukivuka Sirari ukauliza swali hilo hilo, majibu yatageuka kabla hujafika Tarime.

Hakuna kati yenu asiyejua Kiswahili. Yeye alitumia maana kongwe ya neno, wewe ukasikia maana iliyozoeleka Kenya. Hata hivyo sitawagawia ushindi nusu kwa nusu nikaishia hapo. Mnapohesabiana pesa, maana ya huyo mtu wa Mwanza ndiyo inayomlinda mfanyabiashara. Tena nikiipima kwa maana hiyo hiyo yake, naona wewe ndiye unayemdai stakabadhi. Hilo nitalifikia, lakini kwanza tulifuate neno lilikotoka.

Lilianzia mkononi. Kiarabu kina mzizi wa herufi tatu, qaf, ba na dhad, ambao maana yake ya msingi ni kukishika kitu, kukifumbata kiganjani. Kiswahili kilichuma kutoka shina hilo maneno kadhaa, na yote bado yana harufu ya mkono. Kukabidhi ni kumtia mtu kitu mkononi: waziri anayeondoka hukabidhi ofisi kwa anayeingia, na siku hiyo tunaiita siku ya makabidhiano. Tanzania wana afisa wa serikali aitwaye Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye kazi yake ni kushughulikia mirathi na mali za udhamini, yaani mali ambayo mwenyewe hayupo tena kuishika. Kamusi za zamani zinampa jina la kabidhi hata mtu bahili, yule ambaye kiganja chake kikishafumba hakifumbuki. Sote tuna shemeji wa namna hiyo.

Kuna jambo dogo ambalo wanafunzi wangu hawakuwahi kuliona bila kuonyeshwa. Kwa Waarabu, kitendo hicho ni cha anayepokea, yeye ndiye anayeshika. Kiswahili kilipolichukua kabidhi kililigeuza likawa kitendo cha anayetoa. Upande wa anayepokea ukabaki katika neno jingine, takabadhi. Kutakabadhi ni kupokea kitu mkononi mwako, ukakiri umekipokea. Siku hizi halisikiki sana, lakini kamusi bado zinalitunza. Na karatasi inayoandikwa baada ya kutakabadhi, ya kusema "naam, kimefika mkononi mwangu", ndiyo stakabadhi.

Hiyo sta- ya mwanzoni nayo isikutishe. Kiarabu kina umbo la kitenzi linaloanza na ista-, na Kiswahili huiangusha ile i likabaki sta-. Ndivyo tulivyopata stahili, starehe na stakimu. Mfano ulio wazi zaidi ni taajabu na staajabu, ambayo ni mzizi mmoja uliovaa nguo mbili, sawasawa na takabadhi na stakabadhi. Kila mtu anajua ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, bila kufikiri kwamba ile s ilikuja na meli kutoka ng'ambo. Ila uwe mwangalifu, si kila sta- ni kiambishi. Katika stawi, ile s ni ya mzizi wenyewe. Niliwahi kulikosea hilo mbele ya darasa zima huko Nakuru, na kijana wa Kimvita aliyekaa nyuma akanisahihisha kwa adabu iliyoniuma kuliko matusi.

Halafu kuna dh. Nimeona bango la duka la kupiga chapa limeandikwa "stakabathi", na jingine "stakabadi". Mwenye kukumbuka asili hawezi kukosea, kwa sababu dhad ya Kiarabu inapoingia Kiswahili hugeuka dh. Ndiyo dh ya ardhi, ya kadhi, ya radhi, ya maradhi na ya faradhi. Neno lenyewe haligeuki katika wingi: stakabadhi hii, stakabadhi hizi. Na tafadhali usiliongezee ma-.

Maana hii ya mkono ilikuwa na uzito wa kisheria pwani kabla ofisi za serikali hazijajengwa. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, ya Kishafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu walio wengi wa uswahilini, zawadi haikamiliki kwa maneno matupu. Baba anaweza kusema mbele ya kijiji kizima kwamba shamba ni la binti yake, lakini kama binti hajakabidhiwa, baba akifa leo shamba linaingia katika urithi. Kinachoangaliwa ni kushika. Kwa hiyo swali "je, alikabidhiwa?" lilikuwa swali la mali na kesi, na karatasi ya kulijibu swali hilo haikuwa karatasi ya mapambo.

Sasa tazama stakabadhi inavyofanya kazi kwa maana hiyo ya kwanza. Kuna wawili, na kitu kinachotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Anayepokea kitu ndiye anayeandika, na anayekitoa ndiye anayeondoka na karatasi. Mkono mmoja umebaki mtupu, basi unapewa karatasi badala ya kitu. Ndiyo maana stakabadhi humlinda aliyeishika. Mwenye kupokea akija kukana kesho, unamwekea mezani maandishi ya mkono wake mwenyewe. Wazee wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ni lako mwenyewe na unaweza kulijaza utakavyo, ila stakabadhi imeandikwa na mwenzako.

Ilikuwaje basi neno lenye kazi maalumu namna hii likaja kumaanisha kila karatasi ya ofisini? Nitakuambia ninavyoona mimi, baada ya miaka mingi ya kufundisha lugha hii na kutafsiri barua za watu. Naona lilinyang'anywa kazi. Aliyelinyang'anya ni risiti, neno la Kiingereza lililoingia dukani pamoja na kaunta na vijitabu vya kunakilisha. Ni fupi, na hata mtoto anayetumwa sukari hulitamka bila kujikwaa. Tanzania nako mambo yalikwenda hivyo hivyo madukani: mamlaka yao ya kodi huwahimiza watu kudai risiti kila wanaponunua kitu. Lakini kule stakabadhi ilibakiwa na pa kukaa. Ofisi za serikali, ambazo hufanya kazi kwa Kiswahili, ziliendelea kuitumia kwa malipo yanayopokewa na serikali, na maghala ya mazao yakaipa kazi kubwa zaidi, kama nitakavyoeleza.

Kwetu Kenya ofisi zilifanya kazi kwa Kiingereza. Kiswahili kilitambuliwa kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza katika Katiba ya 2010, na hadi leo fomu nyingi unazojaza ni za Kiingereza. Kwa hiyo stakabadhi ilifukuzwa dukani, na ofisini haikupata kiti. Waliobaki wakiihitaji ni watangazaji na waandishi wa habari, ambao kila siku hupokea taarifa ya Kiingereza inayozungumzia karatasi za kila aina na kutakiwa kuisoma kwa Kiswahili saa moja jioni. Walihitaji neno moja kubwa la kubeba kitambulisho, cheti, leseni, hati na barua kwa pamoja. Hapo palikuwa na neno zito, la kiofisi, lisilo na kazi. Wakaliajiri. Leo utasikia kwamba wawaniaji wa viti wamewasilisha stakabadhi zao kwa tume ya uchaguzi, kwamba mtu amenaswa na stakabadhi ghushi za masomo, kwamba wakili ameomba muda wa kupitia stakabadhi za kesi. Mtanzania akiisikia ile ya wawaniaji hushangaa mtu anagombeaje ubunge kwa kupeleka risiti.

Mimi siwalaumu watangazaji. Neno kupanuka si dhambi, na "stakabadhi bandia" sasa ni Kiswahili cha Kenya kisichohitaji kuombewa msamaha. Ninachosikitikia ni kimoja tu: tulipolipanua tulisahau lile tundu lililoachwa nyuma. Mkenya wa kawaida hana tena neno la Kiswahili la karatasi ya kukiri kupokea, isipokuwa risiti, na risiti kichwani mwake ni ile ya duka kubwa inayofifia wino baada ya wiki mbili. Ukimwachia mtu pikipiki yako aitengeneze, ukimpa jirani magunia akuwekee, ukimlipa fundi malipo ya kwanza, huombi risiti, kwa sababu hapo si dukani. Unaondoka mikono mitupu, kwa imani. Watu wa Gem na Mumias wamepelekana kwa chifu mara ngapi kwa mambo ya namna hiyo!

Maneno mengine ya kundi hili nitayapitia mbio, kwa sababu huyo mwenzako wa Mwanza atakuja kuyatumia. Hati asili yake ni maandishi, mstari wa kalamu. Ndiyo maana bado twasema mtoto ana hati nzuri tukimaanisha mwandiko. Kutoka hapo ikawa karatasi yenye nguvu ya sheria: hati miliki ya shamba, hati ya kiapo, hati ya dhamana. Karatasi yenyewe, karatasi tupu, ilipitia Uarabuni lakini ilianzia Uyunani.

Cheti ndicho ninachokipenda. Hakikutoka Uarabuni, kilitoka Bara Hindi, ambako chitthi ni barua au kijikaratasi cha maneno mawili matatu. Mswahili alipolisikia likianza na che-, akaamua moja kwa moja kwamba ni la jamii ya kiti na viti, akalipa wingi wake: vyeti. Mhindi hajawahi kuwa na vyeti! Kijikaratasi hicho cha kumtuma mtoto dukani ndicho leo kinachothibitisha umezaliwa, umeoa, umefaulu na umekufa. Cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo, na katikati yake mtu akibahatika anapata cha ndoa.

Waraka ni jani. Kwa Kiarabu ni jani la mti na pia ni jani la karatasi, kama sisi tunavyosema ukurasa wa kitabu. Wingi wake ni nyaraka. Wakristo wanaufahamu kutoka Agano Jipya, waraka wa Paulo kwa Warumi, na walimu wanaufahamu kama barua kutoka wizarani inayokuja kuharibu likizo. Kwa msamiati wako, Mama, kumbuka hili moja: kile unachokiita stakabadhi hapa Kisumu, Mwanza wengi hukiita nyaraka. Ukitaka huyo mwenzako akutumie picha za leseni yake na vibali vya mzigo, mwambie "naomba nyaraka zako". Atakuelewa bila kukohoa.

Na sasa neno ambalo siwezi kulipita haraka, maana linahusu ile picha ya kwanza uliyomtumia. Kipande.

Vijana wa Kondele, hapa Kisumu, wakisema "nimepoteza kipande" wanamaanisha kitambulisho, na hawafikirii zaidi ya hapo. Babu zao hawakuweza kulitamka hivyo kirahisi. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika mwaka 1915, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kuanzia 1919 na 1920, ikaanza kuitekeleza. Kila mwanamume wa miaka 16 na zaidi alipewa karatasi yenye jina lake, alama za vidole na habari za kazi zake, na mara anapotoka kwao lazima awe nayo. Wengi waliitia katika kijaluba cha chuma wakakivaa shingoni kwa kamba. Mwajiri ndiye aliyeandika siku mtu alipoanza kazi, na ndiye aliyeandika siku alipoachishwa. Asipoandika hiyo ya pili, mtu hakuweza kuajiriwa kwingine, na akiondoka bila ruhusa alama za vidole zilitosha kumtafuta. Kazi nyingi za namna hiyo zilikuwa katika mashamba ya walowezi, Nakuru na kandokando yake, na miongoni mwa waliokwenda kuzifanya walikuwamo watu wa huku kwetu.

Linganisha na stakabadhi uone. Karatasi zote mbili hubebwa na mtu. Lakini stakabadhi huandikwa na aliyepokea, ikashikwa na aliyetoa, ili imlinde anayeishika. Kipande kiliandikwa na mwenye nguvu, kikavalishwa asiye na nguvu, ili kimshuhudie vibaya yeye mwenyewe aliyekivaa. Mtu alitoa jasho la miezi sita, na karatasi aliyobaki nayo haikusema "nimepokea kazi yako", ilisema "huyu ni wangu mpaka nitakapotia sahihi". Si ajabu kwamba Desemba 1921, watu walipokusanyika Lundha huko Gem, katika mkutano uliozaa chama kilichokuja kujulikana sana kwa jina la Piny Owacho, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko pamoja na kodi. Mwaka uliofuata Harry Thuku, mwanasiasa aliyeipinga serikali ya kikoloni, alikamatwa Nairobi, na kupinga kipande kulikuwa mojawapo ya mambo yaliyompa wafuasi. Mfumo ule ulidumu hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Sheria ya 1947 ndiyo iliyoleta uandikishaji wa watu wa rangi zote.

Neno lenyewe lilibaki, likapoa. Hivi ndivyo lugha hufanya, hugeuza kidonda kuwa jina. Nakumbuka mzee mmoja wa Butere ambaye alikataa katakata kulitamka neno "kipande". Alisema "kitambulisho", polepole, silabi kwa silabi, kama mtu anayekwepa shimo barabarani. Nami tangu siku hiyo mbele ya wazee husema kitambulisho.

Kwa njia, ukienda kuomba kitambulisho leo unapewa kwanza karatasi ya kusubiri. Watu huidharau, wakaikunja wakaisahau kwenye mfuko wa suruali ikafuliwa. Lakini ukiipima kwa asili ya neno, hiyo ndiyo stakabadhi halisi kuliko kitambulisho chenyewe: ofisi inakiri kwamba imepokea maombi yako na alama za vidole vyako. Ukiipoteza, huna mkono wa kudai.

Niliahidi maghala. Tanzania ilitunga sheria ya stakabadhi za maghala mwaka 2005, na mfumo wao huitwa stakabadhi ghalani. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaujua sana, wengine wakiusifu na wengine wakiulalamikia, kutegemea malipo yalifika lini. Kenya nayo ilipitisha sheria yake ya mfumo huo mwaka 2019. Mambo huenda hivi: mkulima wa mahindi, tuseme wa Njoro au Rongai, anapeleka magunia yake katika ghala lililoidhinishwa badala ya kuyauza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Mazao yanapimwa uzito, unyevu na daraja. Kisha mwenye ghala anampa stakabadhi inayosema amepokea kiasi gani na cha ubora gani. Mahindi yanakaa ghalani, lakini ile stakabadhi inatembea. Anaweza kuipeleka benki ikawa dhamana ya mkopo wa kulipia karo. Anaweza kumuuzia mtu mwingine karatasi hiyo, na kwa kuiuza amekwisha kuuza mahindi, ingawa hakuna gunia lililosogea. Hapo neno letu limerudi nyumbani likiwa limetajirika. Karatasi iliyokuwa ikisema tu "kimefika mkononi mwangu" sasa imekuwa mali yenyewe.

Ukimwambia mkulima wa Njoro kwamba stakabadhi ni makaratasi yoyote ya serikali, anaweza kuichanganya na barua za ushirika akaifungia chapati. Ndiyo sababu nasema maana ya Mwanza tunaihitaji hapa kwetu pia, wala si kwa ajili ya kupendeza kamusi.

Tena unazo stakabadhi nyingi kuliko unavyodhani. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, sote tulijifunza bila mwalimu kazi ya stakabadhi. Mtu akikuambia "nimeshatuma", unamwambia "nionyeshe meseji". Ile meseji yenye herufi na tarakimu 10 mwanzoni ni ukiri kwamba pesa zimepita kutoka hapa hadi pale, saa fulani, tarehe fulani. Watu wanaifuta ili simu ipate nafasi ya video za harusi, kisha baada ya mwezi wanahangaika. Usifute.

Turudi kwa omena zako. Ulipoweka pesa benki, benki ndiyo iliyopokea kutoka mkononi mwako, kwa hiyo karatasi ya benki ni stakabadhi sahihi kabisa, na mwenzako hakukosea kuiita hivyo. Ni haki yako kubaki na ile ya asili ukamtumia yeye picha tu. Wengi hukosea hapo, wakampa dereva karatasi yenyewe aipeleke Mwanza, wakabaki na nia njema.

Lakini karatasi ya benki inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba uliweka kiasi fulani katika akaunti fulani. Haisemi ni za nini. Haisemi magunia 12, haisemi gunia ni la kilo ngapi, haisemi mzigo utaondoka lini. Akija kusema zilikuwa deni la mwaka jana, benki haina la kukusaidia. Aliyepokea malipo ya mzigo ni yeye, na mzigo bado uko kwake. Kwa hiyo mkono mtupu hapa ni wako, na stakabadhi ya biashara unapaswa kuidai wewe. Alipokuwa akicheka, Mama, alikuwa bado hajakuandikia yake.

Mwombe kwa upole, kama watu mnaofanya kazi pamoja. Si lazima iwe na kichwa cha kampuni. Mwambie aandike kwa mkono, apige picha akutumie, na karatasi yenyewe aifungie kwenye mzigo. Iseme hivi: "Nimepokea kutoka kwa" (jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho) "shilingi" (kwa tarakimu na kwa maneno, na aonyeshe kama ni za Kenya au za Tanzania, maana hapo ndipo ugomvi wa mpakani huanzia) "ikiwa ni malipo ya magunia 12 ya dagaa wakavu, kilo kadhaa kila gunia. Magunia yaliyokwisha kutumwa ni kadhaa, yaliyobaki ni kadhaa." Kisha tarehe, jina lake na sahihi. Nawe magunia yakifika Kibuye ukayahesabu, mwandikie yako ya kwamba yamefika, mangapi, na katika hali gani. Hapo kila mmoja atakuwa ameshika maandishi ya mwenzake.

Na aandike "dagaa (omena)", maneno yote mawili, maana karani wa upande wetu akisoma dagaa peke yake anaweza kudhani ni mzigo mwingine, nawe utaniandikia tena.